Bobari mbili zinatosha: vifaa vya kununua ukianza kuchonga sura

Seti yangu ya kwanza ilikuja ndani ya mkoba wa turubai: patasi 12, mipini imepigwa vanishi ikang'aa. Siku ya tatu, nikichimba shimo la jicho kwenye kipande cha mninga, bobari ndogo, ile patasi yenye makali yaliyopinda kama mfereji, ilijikunja makali kama mfuniko wa kopo. Nyingine mbili zilichomoka mpinini, kumbe msuka wake, ile ncha inayoingia ndani ya mpini, haukuzidi urefu wa ukucha. Kwa hasara ile nimepanga orodha hii, kuanzia cha kununua kwanza hadi cha kuacha dukani.

Sura yenyewe haina haja ya vifaa vingi. Chukua mti wa pembe nne, uchonge kwenye kona na si kwenye ubapa. Kona inakuwa mgongo wa pua, mashavu yanarudi nyuma bila kuhangaika. (Anayeanzia kwenye ubapa hupata sura ya chapati.) Hapo zinabaki kazi tatu: kuchimba macho pande mbili za pua, kuviringisha mashavu, kutenga midomo. Bobari ya upana wa milimita 12 hivi inamaliza ya kwanza na karibu yote ya pili. Ya milimita 6 inaingia puani na kwenye pembe za mdomo. Kope zimalizie kwa kisu.

1. Bobari mbili za mhunzi, na jiwe la kunolea

Hapa sina ubishi. Bobari ya kufuliwa na fundi anayejua kazi inashinda vitu vingi vya kwenye mkoba unaong'aa, na ikivunjika unajua pa kuirudisha. Walio Nairobi waingie Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, nyundo zitawaongoza. Mahali pengine, waulize wachongaji wa karibu ni nani anayewafulia.

Mwambie fundi unataka chuma cha springi ya gari, si nondo. Nondo ya kawaida ni chuma laini, hata ukiichoma vipi haishiki ukali. Ukiweza, kaa umtazame. Anachoma mpaka chuma kinakuwa chekundu na sumaku hainati tena, anakizamisha kwenye oili, kisha anakirudisha motoni kidogo mpaka kinapata rangi ya majani makavu. Akiruka hatua hiyo ya mwisho, makali yatamomonyoka kama biskuti.

Kabla ya kulipa, toa tupa ndogo mfukoni, uisugue taratibu karibu na makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimeiva. Ikiuma na kutoa unga, mrudishie. Halafu igeuze bobari kwenye mwanga uangalie ndani ya mfereji wake, maana kila mkwaruzo uliomo humo utauona tena kama mstari kwenye shavu.

Jiwe nimeliweka kwenye nafasi hii makusudi, kwa sababu bobari butu ndiyo inayokata vidole: unaisukuma kwa nguvu, inateleza. Tafuta jiwe la pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza, mwingine laini. Ndani ya mfereji jiwe haliingii, kwa hiyo zungushia penseli kipande cha msasa laini, usugue nacho. Malizia kwenye mkanda wa ngozi uliochakaa, ule uliokuwa unafunga suruali.

2. Kisu cha Mora 120

Kinatoka Mora, Uswidi. Ubapa wake ni wa sentimita 6 hivi, chuma kigumu kimebanwa katikati ya kilaini, na mpini ni wa mti. Kwa sura ndogo, mathalani ya kichwa cha bakora, hiki peke yake kinakutosha. Upungufu wake ni kwamba hakichimbi, na macho yatabaki juujuu. Mkono unaoshika mti uvalishe glavu nene.

3. Bobari za kiwandani kutoka Ulaya

Pfeil za Uswisi ni nzuri sana na zinafika zikiwa zimenolewa tayari. Namba ya kwanza inaonyesha kina cha mpindo, ya pili upana kwa milimita. Ukiletewa moja tu, iwe 8/10. Nimeziweka ya tatu kwa ajili ya bei, usafirishaji na ushuru, si kwa ubora.

4. Patasi za seremala

Kama unayo nyumbani, itumie kusawazisha. Usiinunue kwa ajili ya sura, pembe zake zitachimba shavu.

5. Seti ya 12

Nimeshasema.

Tezo, kile kishoka chenye makali yaliyokingama kama jembe, sijaipanga popote. Mikononi mwa mjuzi inatoa kichwa kizima wakati wewe bado unatafuta penseli, lakini anayeanza atajikata mguu.

Na mti? Mpingo uache kwanza. Ni mzito hata unazama majini, na utakula makali yako kabla pua haijatokea. Hata Wamakonde, wanaosifika kwa mpingo, barakoa zao za ngoma, mapiko, huzichonga kwenye mti mwepesi, kwani mchezaji huzivaa kichwani. Mimi nashauri mwarobaini. Kenya wachongaji wengi wamehamia huko baada ya mpingo na muhugu kuadimika. Vumbi lake ni chungu kooni, funika pua unapopiga msasa.

Muulize muuzaji mti umekatwa lini. Mbichi unachongeka kirahisi, ila unapasuka ukikauka haraka, kwa hiyo paka nta au gundi ya mbao kwenye ncha zote mbili siku hiyo hiyo, na jioni uufunge ndani ya mfuko wa plastiki. Sura yangu ya pili niliiacha juu ya meza bila kupaka kitu. Asubuhi niliikuta imepasuka kutoka paji la uso hadi kidevuni, ufa umepita katikati ya pua.