Uzoefu wangu: kupamba nyumba ya shamba Mtwara kwa mikeka ya ukindu, kitanda cha kamba na vitu vya zamani

Nyumba yetu ya shamba iko upande wa Naumbu, si mbali na Mikindani. Kuta ni za udongo na mawe, paa ni la bati tangu mwaka ambao korosho zilimlipa mzee vizuri, na baraza ni pana kuliko sebule. Mvua za kusini ni za msimu mmoja: zinaingia Desemba na kuondoka Aprili hivi, zikituachia ukungu ukutani na magodoro yanayonuka. Wazungu hupamba nyumba zao majira ya kuchipua, kuanzia Machi, theluji ikishayeyuka. Sisi Machi bado tunakinga ndoo chini ya bati linalovuja. Majira yetu ya kupamba ni Mei na Juni, upepo wa kusi ukishashika njia yake, ndipo watu wanapiga chokaa na kutoa vitanda nje kuvianika.

Mwaka huu mke wangu alitaka sofa la kona kutoka Dar. Mimi nikashikilia kwamba nyumba ya shamba ifanane na shamba. Tukakubaliana laki tano, isizidi, na chochote kitakachoingia kiwe cha kutengenezwa kwa mkono au kiwe cha zamani kweli. Hayo maneno "cha zamani kweli" ndiyo yaliyonisumbua kuliko hela, kama mtakavyoona.

Nianze na kilichonifurahisha zaidi, mikeka. Tulinunua kwa kikundi cha akina mama wanaosuka barazani kwao, mkubwa wao bibi mmoja ambaye vidole vyake vinaendelea na kazi hata akiwa anakutazama usoni. Mikeka yao ni ya ukindu, yaani majani ya mkindu, si miyaa, majani ya mkoma. Tofauti utaijua kwa kiganja: ukindu ni laini na unalala, miyaa ni migumu, inafaa zaidi kwa majamvi na makapu ya sokoni. Majani yanachanwa, yanaanikwa mpaka yawe meupe, kisha yale ya rangi yanachemshwa kwenye rangi ya unga. Baada ya hapo wanasuka ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, na ukili huo ndio unaozungushwa na kushonwa mpaka mkeka unapatikana. Kwa hiyo ukitaka kuujua mkeka mzuri usitazame nakshi tu. Geuza, angalia mishono. Ukiona mwanga unapita kati ya ukili na ukili, huo utaachana kabla mvua hazijarudi.

Niliuliza kuhusu rangi kutoka, maana mkeka wa msikitini kwetu uliwahi kuacha zambarau kwenye kanzu za watu. Bibi hakubishana. Alilowesha kitambaa cheupe, akasugua kwenye ukili mwekundu, akanionyesha.

"Umeona, mwanangu? Nyekundu inatoka kidogo, kijani haitoki. Ukitaka wa chumbani chukua nyekundu. Wa barazani, ambako watoto wanamwaga maji, chukua huu wa kijani na mweupe."

Muuzaji anayekuambia kasoro ya bidhaa yake kabla hujailipia, mimi huyo nanunua kwake mara mbili. Tulichukua mkubwa wa sebuleni kwa shilingi 55,000, wa barazani kwa 35,000, na kawa mbili za kufunikia chakula, moja ikatundikwa ukutani. Naam, kawa ukutani. Shangazi yangu alipoiona aliuliza kama tumeishiwa chakula cha kufunika. Lakini kwenye ukuta mpya wa chokaa, ile miduara ya nyekundu na nyeusi inapendeza kuliko picha yoyote ya maua ya plastiki, na shangazi mwenyewe siku hizi akija anakaa pale pale mbele yake.

Angalizo moja tu kwa mikeka: isikae kwenye jua la moja kwa moja kutwa nzima. Wa barazani upande wa magharibi umeanza kupauka, na hilo si kosa la waliosuka.

Kitanda cha kamba tulikuwa nacho wenyewe, cha marehemu babu, kimesimamishwa stoo na matendegu yake yamechongwa vizuri ajabu. Nilikipeleka kwa fundi seremala mjini, karakana ambayo kazi yake kubwa ni milango na madirisha. Kazi ya mbao nampa alama zote. Alitoa vanishi iliyokuwa imebabuka, akapiga msasa kwa mkono bila kula michongo, akabadilisha mfumbati mmoja, ule mti wa ubavuni, uliokuwa umetobolewa na wadudu na kuutafutia mbao ya kufanana. Mgogoro ulikuwa kwenye kamba.

"Njomba, tufunge manila, haiozi hii."

Ni kweli haiozi. Lakini manila ya plastiki inateleza, inaregea kila siku, na usiku wa joto inakuunguza mgongo. Halafu ile bluu yake! Nilikataa, nikamletea kamba ya usumba, ile ya makumbi ya nazi. Mafundi vijana wengi hawajui kuiwamba, na huyu alikiri hivyo; ikabidi amtafute mzee mmoja aje aifunge, gharama ikapanda mpaka 90,000 kwa kazi yote. Hapo namtoa alama kidogo, si kwa kutojua, ila kwa kunipigia simu ya bei mpya kazi ikiwa imeshaanza. Kitanda chenyewe kimekaa barazani na shuka la kitenge juu yake, na hakuna mgeni anayechagua kiti. Mjue tu kwamba kamba mpya ya usumba inanyooka. Baada ya wiki chache kitanda kinakuwa na tumbo, unatakiwa kuikaza upya kutoka upande wa miguuni. Mzee alinionyesha namna, bure.

Sasa vitu vya kale vya dukani. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, mwenye chumba kimejaa taa za chemli, redio za mbao, sufuria za shaba na makasha yenye njumu, yale mapambo ya chuma cha manjano yanayopigiliwa kwenye mbao. Kasha la njumu lilikuwa ndoto yangu. Makasha ya asili mengi yalikuja pwani hii kwa majahazi kutoka India na Arabuni, mbao ya msaji, njumu za shaba zilizopigwa moja moja, na droo chini. Akanitolea moja, bei 450,000, akaapa ni la wakati wa Mjerumani. Nikaligeuza. Nyuma kuna plaiwudi, na bawaba zimeshikwa kwa skrubu za nyota. Mjerumani alianza kujenga Boma la Mikindani mwaka 1895 na vita ya kwanza ya dunia ikamwondoa. Skrubu za nyota zimeingia sokoni miaka ya 1930. Huyo Mjerumani alizinunua wapi? Sikulichukua. Kama angesema ni jipya, limetengenezwa kwa kufuata mtindo wa zamani, na bei ikawa ya kitu kipya, pengine leo lingekuwa sebuleni, maana kwa sura lilikuwa zuri.

Huyo huyo akaninong'oneza kwamba anaweza kunipatia mlango wa kuchongwa kutoka nyumba ya zamani. Hapo niliondoka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja kabisa milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940 kuwa miongoni mwa vitu vinavyolindwa, na hata bila sheria, ukipita Mikindani ukaona nyumba iliyobaki na tundu mahali pa mlango, utaona haya kuupeleka mlango wake kwako. Kwake nilinunua chemli mbili tu, 15,000 kila moja. Zinawaka.

Vinyago navyo vina kichekesho chake. Uwanda wa Makonde uko hapo juu tu, Newala na Tandahimba, lakini wachongaji wengi walihamia Dar zamani, kwa hiyo mtu wa Mtwara anaweza kujikuta ananunua kinyago cha Kimakonde huko Mwenge, Dar. Nilipata kimoja kidogo hapa hapa mjini, cha mtindo wa ujamaa, watu wamebebana. Kabla ya kulipa kwaruza chini kwa kucha au funguo: mpingo ni mweusi mpaka ndani na ni mzito kupita kiasi cha ukubwa wake. Mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu utajionyesha mara moja. Kiwekwe mbali na dirisha, jua linakipasua.

Vyungu vya udongo vilikuwa rahisi, 3,000 hadi 8,000, tukavipanda asumini na mshubiri. Omba watoboe chini kabla hakijachomwa. Kutoboa mwenyewe baadaye ni kukipasua.

Jumla hatukufika laki tatu. Salio mke wangu amelishika, na sofa linatajwa tena.

Nikipanga kwa ubora: akina mama wa mikeka kwanza, kwa mbali, fundi wa kitanda wa pili, duka la vitu vya kale nenda kwa ajili ya chemli na maongezi. Akina mama wanapokea oda kwa simu na mkeka mkubwa unachukua wiki kadhaa. Ila agizeni kabla ya Oktoba. Korosho zikianza kudondoka, wote wako shambani na hakuna atakayekusukia hata kipepeo cha kupepea moto.