Spika za kompononti kwenye Fielder yangu: pesa iko mlangoni

Mpigaji wa nyatiti huvaa pete nzito ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, na kwa pete hiyo hugonga ubao wa chombo huku vidole vikicheza na nyuzi nane. Mguuni amefunga njuga, gara. Kwa miaka miwili niliyoendesha Toyota Fielder yangu kati ya Kisumu na Ugunja, sikuwahi kuisikia ile pete kwenye muziki wa gari. Nilisikia mwimbaji na mvumo fulani chini yake, basi. Spika zilizokuja na gari zilikuwa za karatasi nyembamba kwenye fremu ya plastiki, usawa wa muundi wangu.

Redio nilikuwa nimeshaibadilisha, maana ile ya Japani ilikomea megahezi 90 na stesheni ya Ramogi iko 107.1. Zikabaki spika.

Niliamua kununua kompononti, sio koaksia. Koaksia ina twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) iliyosimikwa katikati ya wufa (spika kubwa ya sauti nzito), ni rahisi kufunga na bei yake ni nafuu, lakini twita inabaki kule chini. Sauti nyembamba hazipindi kona. Goti likizikinga, hazikufikii. Kompononti zinakuja zimetengana: wufa ya mlangoni, twita unayoweza kuipandisha karibu na kioo cha pembeni, na krosova, kisanduku kinachoipa wufa sauti nzito na twita sauti nyembamba.

Mjini utaoneshwa maboksi yaliyoandikwa wati 600, wati 800. Usiangalie hapo. Hiyo ni namba ya kilele. Tafuta RMS, yaani wati ambazo spika inabeba safari nzima bila kuchoka. Nilichukua Focal za familia ya Access, milimita 165, RMS wati 60 na kilele 120. Twita yake ni kuba la chuma lililobonyea ndani badala ya kutuna nje. Zilinitoka shilingi 23,000, na sijutii hata shilingi moja.

Ninachojutia ni fundi wa kwanza. Alimaliza kwa saa moja na nusu akachukua elfu mbili. Nikawasha, besi hakuna. Ukisogeza sikio karibu na mlango unaisikia. Ukikaa katikati ya kiti inapotea. Nilipomrudia aliniambia spika mpya lazima zizoee. Nikasubiri wiki mbili, nikaanza hata kumtafuta mtu wa kuziuzia. Kinachoniuma mpaka leo si zile elfu mbili, ni kwamba nusura niziuze spika nzuri kwa kosa lisilo lake.

Binamu yangu akanielekeza kwa kijana mmoja upande wa Kibuye, hapa Kisumu. Huyu hakugusa redio kabisa. Alichomoa waya za spika kwenye amplifaya, kile kifaa cha kuziongezea spika nguvu, akachukua betri kavu ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani, akagusisha ncha za waya wa kulia, chanya kwa chanya. Kava ya mlango ilikuwa nje, kwa hiyo niliona kwa macho yangu: koni iliruka mbele. Akafanya vilevile kushoto. Koni ikazama ndani.

"Umeona, mkubwa? Hii inasukuma, ile inavuta. Zinakulana."

Waya za mlango mmoja zilikuwa zimegeuzwa. Upande mmoja ukisukuma hewa mwingine unaivuta, na besi ndiyo inayoumia zaidi. Mwombe fundi yeyote akufanyie jaribio hilo kabla hajafunga kava. Halichukui hata dakika mbili.

Nilidhani tumemaliza. Kijana akagonga bati la mlango kwa kifundo cha kidole, likalia kama debe. Akaniambia kwa upole kwamba spika niliyonunua ni nusu tu, nusu nyingine ni mlango, na huu wangu una matundu kila mahali. Mgongo wa wufa unatoa sauti pia, na sauti hiyo ikipita kwenye matundu na kukutana na ya mbele, zinafutana vilevile kama zilivyofutana zile waya zilipogeuzwa. Tena wufa yenyewe ilikuwa imeshikwa na skrubu mbili tu.

Kwa hiyo tulianza upya. Alisafisha bati kwa spiriti, akabandika shiti za mpira mzito zenye foili mgongoni, akizikandamiza kwa roli ndogo mpaka viputo vyote vikaisha. Matundu makubwa ya ndani akayaziba. Yale ya chini kabisa ya mlango aliyaacha wazi, maana mvua ya hapa Kisumu hupita kando ya kioo, ikaingia mlangoni na kutokea hapo. Ukiyaziba, mlango unaoza. Kati ya bati na wufa aliweka pete ya plaiwudi ya milimita 18 iliyopakwa vanishi mara tatu. Hakutaka MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliokandamizwa, kwa sababu ikilowa inavimba. Kisha akashusha kioo mpaka mwisho kuhakikisha hakigusi sumaku, ndipo akakaza skrubu. Krosova aliificha chini ya dashibodi, pakavu. Alipogonga tena bati, lilisema du, kama mlango wa mbao.

Twita hazikutobolewa siku hiyo. Alizishika kwa tepu kwenye ile pembetatu ya kioo cha pembeni, akanituma nikaendeshe siku tatu. Zikinitazama usoni, matoazi yalinichoma masikio. Nilipozigeuza kuelekea taa ya dari, ukali ukatulia na mwimbaji akahamia katikati ya dashibodi. Hapo ndipo tukatoboa.

Amplifaya ni lazima, nasema bila kusita. Redio ikiandikwa wati 50 mara 4, kwa kweli inatoa kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Dai fyuzi iwekwe karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu waya ukichunika kati ya betri na fyuzi ni moto. Kichujio cha amplifaya tulikiweka hezi 80, sauti za chini ya hapo zipunguzwe, ili wufa zisihangaike na besi ya chini kabisa. Vifaa vya mlango vilinigharimu 7,500, na kwa mtu mwenye pesa kidogo ningesema anunue spika za bei ya chini ila hizo 7,500 asizipunguze. Ujue pia kwamba nyimbo zilizopakuliwa kwa ubora duni sasa zitasikika duni kweli, nimefuta nyingi.

Wiki iliyofuata nilimchukua mzee kwenda nyumbani. Tulipopita Maseno nilimwekea nyatiti, sikumwambia kitu. Alinyamaza kidogo, akainua mkono: "Rudisha hapo." Nikarudisha. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukigonga zulia la gari, sawasawa na ile pete.

Namba pleti ya nyuma inatetema besi ikipanda. Nimeshanunua sponji, Jumamosi naibandika.