Uzoefu wangu: Vitz kuukuu ilivyovuliwa ndani kabla ya kutengenezwa, hapa Tanga

Toyota Vitz niliyonunua ni ya toleo la kwanza, lile lililoingia sokoni Japani mwaka 1999 kuchukua nafasi ya Starlet. Injini yake ni 1SZ, cc 997, inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Namba yake ya usajili ni ya herufi B. Aliyekuwa nayo alikuwa akipakia samaki kutoka Deep Sea, na wala hakuweza kuficha: ukifungua mlango tu, pua inakusimulia yote. Ndiyo maana niliipata kwa bei ya kutupa. Kuagiza nyingine kutoka Japani kuna ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, kwa hiyo wengi wetu tunafufua yale yaliyokwisha kuingia nchini.

Niliipeleka gereji moja ndogo upande wa Majani Mapana, nikiwa na orodha yangu: shokapu za mbele zinagonga, sailensa inanguruma, gari linazima likisimama. Fundi akaisoma, akanirudishia karatasi. "Dada, hii iweke mkobani kwanza. Tulivue ndani, tulioshe, ndipo tujue tunatengeneza nini." Nikamuuliza kama ndiyo njia ya kunipandishia bili. Akacheka, akataja bei palepale: sh 60,000 kuvua, kuosha, kukausha na kurudisha kila kitu.

Kilichonifanya nimwamini ni alivyoanza. Kabla ya kugusa siti alichomoa waya wa betri, akaacha gari litulie, na vijana wake akawakanya wasiguse soketi za rangi ya manjano, maana hizo ni za mikoba ya hewa na mikanda. Ukizichomoa hovyo kisha ukawasha swichi, taa ya SRS, ile ya onyo la mikoba ya hewa, inawaka na kuizima ni gharama nyingine. Nimeona mahali pengine siti zinang'olewa betri ikiwa mahali pake na redio inaimba.

Siti zilitoka, kapeti likatoka. Chini yake kulikuwa na mchanga wa kutosha kufinyangia jungu, sarafu, magamba, na lile sponji zito linaloshikana na kapeti likiwa limelowa chapachapa upande wa kushoto wa mbele. Upande wa dereva mkavu kabisa. Hapo ndipo nilipoielewa hoja ya fundi. Bati la sakafu upande huo lilikuwa na kutu nyekundu, na alipoligonga kwa bisibisi likatoboka.

Huku pwani kila kutu tunaisingizia bahari: upepo wa chumvi, kupita Raskazone ufukweni, basi. Ni kweli chumvi huvuta unyevu wa hewani na kuharakisha kutu. Lakini hii ilikuwa imeanzia ndani. Bomba dogo linalotoa maji ya AC nje lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu, kwa hiyo maji yote yalikuwa yakirudi chini ya kapeti, yakachanganyika na maji ya chumvi yaliyokuwa yakivuja kwenye ndoo za samaki. Ukichomelea bati jipya bila kuzibua bomba lile, mwakani unachomelea tena. Alilizibua kwa waya laini na upepo wa kompresa. Dakika chache, na hakunidai hata senti.

Alipitia pia matundu ya chini ya milango, yale ya kutolea maji, yote yakiwa yamejaa mchanga, na ile sehemu chini ya waipa ambako majani ya mwarobaini yalikuwa yamegeuka mboji. Hivi ni vitu ambavyo mwenye gari anaweza kuvifanya mwenyewe nyumbani kwa kijiti, na bado sijakutana na anayevifanya.

Kuhusu harufu, sikutegemea. Nilizoea kuona watu wanapuliza manukato, ukishuka unanuka samaki aliyepakwa udi. Hawa walifua kapeti kwa sabuni, wakasuuza, kisha wakapitisha siki iliyozimuliwa kwa maji. Kile kinachonuka kwenye samaki kinazimwa na asidi, ndiyo sababu hata jikoni tunasugulia ndimu. Ilikuwa kaskazi, jua kali, siti na sponji vikakauka hadi ndani. Msimu wa masika nisingeshauri, sponji likirudishwa bichi linaota ukungu na kutu inaanza upya.

Bati lilipelekwa kwa fundi bodi jirani. Huyu alitaka kupaka putini juu ya kutu, afute na msasa, amalize. Fundi wangu akakataa mbele yangu: kutu ikifunikwa inaendelea kula kimyakimya. Wakakata sehemu iliyooza, wakachomelea kiraka, brashi ya waya, praima, rangi, halafu ile lami ya kuzuia maji kwa chini. Sh 45,000. Kuna wanaopaka oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Alinionya nisikubali, inalegeza bushi za mpira, na tayari zangu zilikuwa zinaomba msamaha.

Orodha yangu ilirudi mezani mwisho, ikiwa imepungua. Kuzima kulikwisha baada ya kusafisha trotobodi, ile sehemu inayopitisha hewa kuingia kwenye injini, iliyokuwa nyeusi tititi. Shokapu zilikuwa nzima, kilichogonga ni linki za stabilaiza, vile vyuma vifupi vilivyo karibu na shokapu, tukaweka mpya. Sailensa ilichomelewa.

Yasiyonipendeza yapo. Kijana mmoja alipitisha mashine ya presha karibu na swichi za vioo, kioo cha abiria kikagoma. Walitafuta swichi ya mtumba na kuifunga kwa gharama yao, lakini nilisubiri, na hakuna aliyenipigia simu kunieleza mpaka nilipofika mwenyewe. Dashibodi waliipaka mafuta ya kung'arisha yanayoakisi jua machoni, na usukani ukawa unateleza. Niliupangusa kwa kitambaa chenye sabuni kabla sijatoka nalo. Mkisema mapema "msipake", hawapaki.

Umeme mgumu na gesi ya AC hawafanyi, wanakuelekeza kwingine. Injini wanaosha ikiwa imepoa tu, altaneta na koili zikiwa zimefungwa nailoni, hivyo ukifika na injini ya moto utakaa kwenye benchi. Na Ijumaa usifike karibu na adhuhuri, wote wako msikitini, utakuta mlinzi na paka.