Nilisoma chuo cha Sauzi nikiwa Ujiji mwaka wa korona, haya ndo niliyoyaona

Mdogo wangu mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma mjini, kaniuliza wiki ilopita kama chuo nilichosoma kule Afrika Kusini kinafaa mtu akisoma kwa mtandao, maana siku hizi wanatangaza kozi za onlaini na ukipiga hesabu ya hosteli na nauli unaona kabisa nafuu ipo. Nimeanza kumjibu WhatsApp nikajikuta naandika mpaka mkono unauma, nikaona bora niweke hapa yote na wengine wasome. Jina la chuo silitaji, naongelea huduma. Mi nilisoma nao mwaka mzima wa 2020 nikiwa kwa bibi Ujiji, shahada ya uzamili ya takwimu, kwahiyo nawajua kwa ubaya na kwa uzuri.

Ilianza ghafla sana. Tarehe 15 Machi jioni Rais Ramaphosa akatangaza janga la kitaifa, baada ya hapo chuo kikatuma imeili kwamba hosteli zifungwe na kila mtu awe katoka ndani ya masaa 72. Masaa 72 kwa mtu ambaye kwao ni Pretoria ni mengi, kwa mtu ambaye kwao ni Kigoma ni kukimbia. Nilibeba begi moja na laptopu, vingine vyote nikaviacha chumbani wakasema watavitunza. Nikafika Dar tarehe 20, nikapanda basi kuja huku, zaidi ya kilomita elfu moja, na nyumbani vyuo vyote vilikuwa vishafungwa toka tarehe 18. Siku ya tarehe 23 ikaanza ile amri ya kila anayeingia toka nje ya nchi kukaa karantini siku 14 kwa gharama zake, mi nilishapita. Ningechelewa siku tatu tu sijui hela ningetoa wapi.

Tukakaa kama mwezi hakuna masomo, wakawa wanajipanga. Hapo nawapa haki yao, hawakukurupuka. Walituma fomu ya kujaza kila mwanafunzi, una laptopu, una intaneti, umeme upo, unakaa na watu wangapi, una mahali pa kukaa kusoma. Nilivyoiona nilifurahi kwakweli, nikasema hawa wanajali. Tatizo likaja kwenye swali la unakaa wapi, wameweka majimbo tisa ya Afrika Kusini basi, hakuna sehemu ya kuandika nchi nyingine na usipochagua fomu haiendi. Nikachagua Limpopo kwasababu ndo iko juu kabisa kaskazini, nikaandika chini kwenye maoni kwamba niko Tanzania, Kigoma. Hayo maoni hakuna aliyeyasoma. Kwa miezi miwili kwenye kumbukumbu zao mi nilikuwa mtu wa Limpopo.

Na hapo ndo shida yote ya ile huduma ilipo. Mpango wao ulikuwa mzuri kweli kwa mtu aliyeko kule. Kila mwanafunzi GB 30 kwa mwezi, 10 za mchana na 20 za usiku, alafu tovuti ya chuo yenyewe ukiingia kwa mitandao ya simu ya kule haikati bando. Vyuo vingi vya Sauzi vilifanya hivyo na mi nasema hiyo ni kazi kubwa, imewasaidia watoto wa vijijini wengi sana. Lakini GB zangu zilikuwa zinaingia kila mwezi kwenye laini ya Sauzi ambayo iko ndani ya droo kwa bibi haina mtandao. Nikiona ule ujumbe kwenye imeili kwamba data yako ya mwezi huu imetumwa nilikuwa naumia roho, maana siku hiyohiyo ndo nimetoka kumuomba mama elfu tano ya bando.

Masomo yakaanza mwisho wa Aprili. Walimu walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza walihamisha darasa kwenye Zoom kama lilivyo, yani kipindi kilikuwa cha masaa mawili basi na Zoom masaa mawili, kamera wazi, mahudhurio yanaitwa mwanzo na mwisho. Masaa mawili ya video ni zaidi ya GB moja imeondoka, na hapo hujajua kama utasikia chochote, maana mvua ikinyesha tu sauti inakatika katika. Wakati huo umeme wa Kigoma ulikuwa wa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa haijafika huku, ukikatika unakaa unasubiri. Na muda wetu na wao umepishana saa moja, wao wakisema saa nne asubuhi huku ni saa tano, wiki ya kwanza nimeingia saa nne ya kwetu nimekaa kwenye chumba cha kusubiria cha Zoom mpaka nikahisi wamenifungia nje.

Wa pili alikuwa mwalimu mmoja tu na ndo aliyeniokoa mwaka ule. Huyu mama hakufanya Zoom hata siku moja kwa mafundisho. Alikuwa anarekodi sauti yake tu, vipande vya dakika kumi na tano, kila kipande kimebanwa mpaka kinakuwa MB tano hivi, na slaidi kwenye faili la pembeni. Unashusha, unasikiliza unapotaka, unarudia. Maswali unauliza kwenye grupu la WhatsApp na yeye anajibu jioni kwa sauti. Mi nilikuwa naamka saa nane usiku nashusha vitu vya wiki nzima kwa bando la usiku ambalo ni rahisi, alafu mchana nasikiliza nikiwa nachambua dagaa na bibi. Somo lake lilikuwa ndo gumu kuliko yote na ndo nililofaulu vizuri kuliko yote. Kama kuna mtu wa chuo chochote anasoma hapa, nawaomba muangalie hili, mwanafunzi hahitaji kuiona sura ya mwalimu masaa mawili, anahitaji somo limfikie.

Sasa niseme na la nyumbani maana chuo hakiwezi kulitatua lakini kinapaswa kulijua. Shule zote zimefungwa, wadogo zangu wanne wako ndani, redio inafundisha hesabu za darasa la saba huku mi nasikiliza takwimu kwa hedifoni. Na kwetu mtoto wa kike akiwa nyumbani yuko nyumbani. Maji yachotwe, muhogo utwangwe, mgeni akija uinuke. Bibi hakuwa mbaya, alikuwa anaona mtu kashika simu toka asubuhi basi kwake mtu huyo hana kazi. Nilimwambia bibi huku ndo shuleni kwenyewe, akaniambia mjukuu wangu shule gani haina mwalimu. Ikabidi siku moja nimuwekee sauti ya yule mama asikie, akasikiliza kama dakika tatu, haelewi Kiingereza hata neno, alafu akasema kumbe anafundisha kweli, huyu anafoka kama mwalimu. Toka siku ile asubuhi zangu ziliheshimiwa mpaka saa sita.

Mwezi wa Juni ndo ulikuwa mgumu zaidi. Tarehe 1 Juni vyuo vya hapa vikafunguliwa, rafiki zangu wa UDOM na wa Mlimani tuliokuwa tunakaa pamoja barazani wakapanda mabasi wakaondoka wote wiki moja. Nikabaki peke yangu. Kitengo cha ushauri nasaha cha chuo kilikuwa kinatuma imeili kila Jumatatu, jinsi ya kuvumilia kufungiwa ndani, fanya mazoezi sebuleni, na kadhalika. Kwa aliyeko Johannesburg ni sawa, wao walifungiwa kweli toka tarehe 26 Machi hata kutoka kutembea hakuruhusiwi mwanzoni. Mimi niko Ujiji, soko liko wazi, daladala zinatembea, mitumbwi inatoka Kibirizi kila jioni, na bado niko mpweke kuliko wao kwasababu hakuna mtu hata mmoja mtaa mzima anayefanya ninachofanya. Nikawaandikia hivyohivyo. Na hapa nataka niwasifie kwa moyo wote, dada mmoja wa pale alinipigia WhatsApp siku ya pili yake, akanisikiliza karibu saa nzima, na akawa ananipigia kila baada ya wiki mbili mpaka mwaka unaisha. Hakunipa maneno makubwa. Alikuwa ananiuliza umekula nini, umelala saa ngapi, asaimenti ipi imekukwamisha. Ni huyo dada ndo aliyegundua niko kwenye orodha ya Limpopo, akaenda kuwaambia wahusika.

Baada ya hapo mambo yakabadilika haraka. Wakaacha kunitumia zile GB wakawa wananirudishia hela ya bando kwa kupeleka risiti, na wakanitumia flashi yenye masomo yote ya semista, video zote, vitabu, hadi R, ile programu ya kompyuta ya kufanyia takwimu, na nyongeza zake zote nisihangaike kushusha. Flashi ilichukua wiki tatu kufika Kigoma. Nilipoifungua nililia kidogo, sio uongo. Ungekuwa huo ndo mpango wa kwanza mwezi wa Aprili kwa kila aliye mbali, nisingekuwa na la kulalamika. Kitu cha bei ndogo kabisa, hakitaki umeme muda wote, hakitaki mnara.

Mitihani walifanya ya kukaa nayo nyumbani, unapewa swali saa mbili asubuhi ya kwao unarudisha ndani ya masaa 24. Huu mfumo naupenda, unapima kama mtu anaelewa na unampa nafasi aliyekatikiwa umeme. Mtihani mmoja tu walifanya wa masaa matatu na saa inahesabu kwenye skrini, na siku hiyohiyo umeme ukakatika saa saba mchana betri ya laptopu iko asilimia 20. Nilichukua bodaboda kutoka Ujiji mpaka steshenari moja ya Mwanga yenye jenereta, mwenye duka kaka wa watu akamtoa mteja aliyekuwa anachapa barua akanipa nafasi na hakutaka hela zaidi ya chapa ya kawaida. Nikatuma nimechelewa dakika 22. Mfumo ukakataa. Nikaandika ofisi ya mitihani, nikajibiwa na mashine, nikaandika tena nikajibiwa na mashine, siku tisa. Siku ya kumi nikamwandikia yule mwalimu wa rekodi japo somo halikuwa lake, jioni ileile nikapata jibu la mtu, karatasi ikapokelewa. Siku tisa za kulala hujui kama mwaka wako umekwenda ni nyingi mno, na ninachowalaumu ni kwamba usipomjua mtu ndani hupati jibu.

Vitu vyangu vya hosteli, walivifunga kwenye maboksi kama walivyoahidi. Mipaka yao ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba, nikaenda kuvichukua mwaka uliofata, blanketi na sufuria havikuwemo, vitabu vilikuwemo vyote hata karatasi zangu za kuandikia zimepangwa vizuri. Pesa ya hosteli ya miezi ambayo sikukaa walirudisha yote bila kuulizwa mara mbili, ikaingia Novemba.

Kwahiyo mdogo wangu, na wengine mnaofikiria. Kwa kufundisha na kwa utu nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa ofisi zao nawapa mbili. Ukitaka kuomba kozi zao za onlaini usiangalie tangazo, waandikie kabla hujalipa hata senti, waulize haya. Masomo yanashushwa au lazima uwe hewani? Ukikatikiwa umeme katikati ya mtihani unampigia nani, na ana jina au ni mashine? Msaada wa data unafika kwa mtu aliye nje ya Sauzi au unaishia kwao? Wakikujibu ndani ya siku mbili na aliyejibu ni mtu, lipa. Wakikutumia ile fomu na kwenye sehemu ya makazi bado yako majimbo tisa, nitafute kwanza tuongee.

Flashi ninayo, mwenye kusoma takwimu hapa mjini aje aikopi.