Mfuko wa Jimbo au TARURA: sisi wa kijiji cha Kalinzi tuombe wapi?
Zahanati ikikosa bati, nendeni Mfuko wa Jimbo. Uliundwa kwa sheria ya 2009, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na kazi yake ni kusukuma miradi ambayo wananchi wameshaianza wenyewe. Fedha zake ni kidogo, ila mnajua wa kumgongea mlango.

Barabara ni habari nyingine. Njia za kijijini za kushushia kahawa zikikatika mvua zinapokolea, saruji ya Mfuko wa Jimbo itaishia kwenye kalavati moja, tena dogo. Hapo ni TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017 na inayotegemea sana tozo ya mafuta. Foleni yake ndefu: mwaka wa fedha huanza Julai 1, usipokuwa kwenye mpango, utasubiri. Mimi ningeanza na barabara, bati tutachangishana.