Tulikwenda msitu wa Pugu kwa daladala, tukakatishiwa ruti: uzoefu wangu

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia majirani zangu kwamba mkazi wa Dar es Salaam asiye na gari hana sababu ya kukosa msitu, kwa kuwa msitu upo kwenye ruti ya daladala, na anachohitaji ni nauli, maji ya kunywa na viatu visivyoteleza. Maneno hayo nilimwambia hata mama yangu. Aliniamini, akavaa khanga yake ya kutokea na raba alizonunuliwa na mjukuu wake, na kabla hatujaona mti hata mmoja wa msitu huo tukateremshwa njiani kama mzigo usio na mwenyewe.

Mama amevuka miaka sabini. Mguu wake wa kushoto una ganzi, na daktari amemshauri atembee taratibu kila wiki mahali penye ardhi laini na pasipo magari, mahali ambapo mtaani kwetu hapapo, maana sisi tunagawana uchochoro mmoja na bodaboda, mikokoteni na maji machafu. Nilipopendekeza msitu wa Pugu na Kazimzumbwi alifurahi kuliko nilivyotazamia. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, na akiwa binti mdogo alikuwa akifuata mabungo pembezoni mwa msitu huo pamoja na shangazi zake. Hakuwa amerudi huko tangu tulipomzika bibi.

Ilikuwa Jumamosi moja kabla mvua za vuli hazijaanza. Pale Gongo la Mboto tulipanda daladala lililoandikwa Kisarawe kwa herufi kubwa, na kwa kuwa nazijua tabia za ruti zetu, nilimwuliza konda kabla ya kupanda kama wanafika mwisho, nikamwuliza tena baada ya Mama kukaa. Mara zote mbili alijibu, "Tunafika, kaa." Akapokea nauli ya watu wawili hadi Kisarawe. Tulipofika Pugu Kajiungeni, barabara inapogawanyika, moja ikishika njia ya Chanika na nyingine ya Kisarawe, gari lilisimama, konda akagonga bati mara mbili, akatangaza kwamba gari linageuza. Abiria karibu wote waliteremka kimya bila hata kuuliza, na ukimya ule uliniumiza kuliko tangazo lenyewe, kwa sababu ulionyesha kwamba jambo hilo limeshakuwa desturi.

Mama hakuinuka upesi. Hakuwa akibisha, mguu wake unahitaji muda. Alimwambia konda kwa upole, "Mwanangu, sisi tumelipa hadi Kisarawe." Kijana yule, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, hakumtazama usoni. Alisema, "Bi mkubwa shuka, unatuchelewesha. Wagonjwa wanakodi bajaji."

Wagonjwa wanakodi bajaji. Nimeyasikia maneno hayo kichwani kila siku tangu Jumamosi ile. Hakumwamkia alipopanda, hakumshika mkono alipoteremka, na nilipodai sehemu ya nauli ambayo hatukuisafiria alinitilia kiganjani sarafu moja ya shilingi mia mbili kana kwamba ananipa sadaka. Dereva alikuwa akituona kwenye kioo muda wote na hakutamka neno. Mama alisimama kando ya barabara, akafunga khanga vizuri, akasema, "Mwalimu alitembea kutoka Pugu mpaka mjini, na mimi nitatembea," kisha akaanza kuvuta mguu wake kuelekea Kisarawe. Alikuwa akimtaja Nyerere, aliyefundisha shule ya Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aifanye kazi ya TANU, na ambaye wazee wa huku husimulia kwamba njia hiyo ya mjini aliijua kwa miguu yake. Nilimfuata, nikamsihi asimame, nami nilikuwa karibu kulia.

Ninajua kwa nini daladala hukatisha ruti, na sitaki kujifanya sijui. Dereva anadaiwa hesabu na mwenye gari kila jioni, na abiria ni wengi zaidi upande wa Gongo la Mboto na mjini kuliko upande wa Kisarawe, hivyo kila safari ya kupandisha vilima na viti vitupu humpunguzia hesabu hiyo. Hata hivyo leseni ya daladala hutolewa kwa ruti yenye mwanzo na mwisho, LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, huhesabu kukatisha ruti kuwa kosa, na aliyepokea nauli ya mwisho ameahidi kufika mwisho. Shida ya hesabu naielewa na hata kuihurumia. Tusi kwa mzee sielewi lilitoka kwenye hesabu ipi.

Mwishowe tulikodi bajaji kweli, na nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ilikuwa kama kumtii yule kijana. Gharama yake ilizidi mara nyingi nauli tuliyokuwa tumelipa. Pale langoni mwongozaji mmoja, binti mdogo, alitutangulia kwa "Shikamoo Mama," na Mama akaitikia "Marahaba" kwa sauti iliyotetemeka hata nikageuza uso.

Kuhusu matembezi yenyewe nina machache ya kulalamika na mengi ya kushukuru. Tuliomba njia nyepesi, tukapewa. Ardhi ilikuwa na tabaka la majani makavu, hewa ilikuwa na ubaridi usiopatikana popote mjini mwezi ule, na hondohondo walikuwa wakiitana juu yetu wakati sauti za malori ya barabara ya Kisarawe zikififia nyuma. Mama alitembea akisimama kila baada ya hatua thelathini au arobaini, na hakuna aliyemwambia kwamba anamchelewesha. Alipofika penye mbungo uliojisokota juu ya mti mkubwa alikwaruza gamba kwa ukucha, utomvu mweupe ukatoka, akatueleza jinsi wao watoto walivyokuwa wakiukusanya na kuuviringisha hadi ukawa mpira wa kuchezea. Yule binti mwongozaji hakuwa amewahi kulisikia jambo hilo, akatoa daftari na kuliandika. Mama yangu, aliyeitwa mgonjwa saa moja tu kabla, akawa ndiye anayefundisha.

Binti naye alitufundisha. Alitueleza habari za komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku ambaye uzito wake haufiki gramu 100, asiyepatikana nje ya Tanzania na anayeishi katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani, hiki kikiwa kimojawapo. Alituonyesha pia mahali palipowahi kuwa na tanuri la mkaa, duara jeusi ambalo miche imeanza kulifunika. Hapo nilikumbuka kwamba Mto Msimbazi, unaotufungia barabara pale Jangwani kila mvua zikizidi, unaanzia katika vilima hivi vya Pugu, na kwamba kila mti unaogeuzwa gunia la mkaa kwenye jiji lenye watu zaidi ya 5,300,000 kwa sensa ya mwaka 2022 ni mti ambao hautashika tena maji hayo. Wengi wetu tunaujua msitu huu kwa magunia yake tu. Tungeujua kwa miguu yetu tungeuonea uchungu, lakini tutaujuaje iwapo gari linalopaswa kutufikisha linageuza Kajiungeni?

Nilikuwa nimepanga tubaki hadi jioni tuone popo wakitoka kwenye handaki la mgodi wa zamani wa kaolini, ule udongo mweupe. Hatukubaki. Muda ulikuwa umeliwa njiani, mguu wa Mama ulikuwa umechoshwa na zile hatua alizozitembea kwa hasira kando ya lami, na zaidi ya yote niliogopa kurudi. Hofu yangu ilikuwa ya haki. Tulisimama barabarani karibu saa nzima tukisubiri daladala la kushuka Gongo la Mboto, kwa sababu magari yanayogeuza Kajiungeni hayawezi kuwachukua watu wa huku. Aliyekatishiwa asubuhi hukatishiwa na jioni. Lilipokuja moja lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na Mama alikaa kwa sababu tu mwanafunzi mmoja alimpisha.

Nilipofika nyumbani usiku ule uamuzi wangu ulikuwa mmoja: mtu yeyote mwenye mzee, mtoto au mguu mbovu asithubutu kwenda msituni Pugu kwa daladala. Nimekaa na uamuzi huo kwa siku kadhaa na siwezi kuushika wote. Njia ile nyepesi ndiyo hasa aliyoiagiza daktari, na kuwaambia wasio na magari kwamba wasiende ni kumkatishia mtu ruti mara ya pili. Basi nasema nendeni, lakini msilipe nauli ya Kisarawe mkiwa Gongo la Mboto. Lipeni mkishapita Kajiungeni, hata konda akipiga kelele, na mtoke mapema, na mwende watu wengi ili mkiteremshwa msiteremke kimya kama tulivyoteremka sisi. Hata ushauri huo unanikera ninapouandika. Kwa nini bibi wa miaka sabini ahitaji mbinu ili afikishwe mahali alipolipia?

Mama mwenyewe ameshaniuliza mara mbili tutakwenda lini tena, na anataka iwe mabungo yakiiva. Nilimwambia safari hiyo nitatafuta gari la kukodi. Alikataa. Ile sarafu ya mia mbili aliichukua mkononi mwangu siku ile ile, akaifunga kwenye pindo la khanga, na bado ipo pale. Anasema atapanda daladala lile lile, amrudishie kijana sarafu yake mbele ya abiria wote, kisha amwulize yeye ni mtoto wa nani.