Nilimpelekea fundi Linux, akanirudishia Windows

Laptopu yangu ni ya mtumba, ya Kariakoo, imekula chumvi nyingi. Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 mwezi wa kumi 2025, na Windows 11 ikaikataa mashine, nikasema basi, nahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wa bure. Kilichonichosha ni kuchagua sura, yaani mpangilio wa skrini na vitufe, maana Linux ina nyingi: KDE inavutia macho, GNOME imevificha vitufe nilivyovizoea, Cinnamon nzuri ila kwangu ilikuwa inahema. Nikatulia kwenye Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, yenye sura ya Xfce, ile ya nembo ya panya. Ya kizamani kidogo, lakini ukibofya kitu kinafunguka hapo hapo.

Sasa waifai. Sisemi ilisumbua, haikuwepo kabisa! Nasoma kwenye simu, naambiwa pakua draiva, yaani programu ya kuiwezesha laptopu kuitumia chipu ya waifai. Nipakue na nini, wakati intaneti ndiyo ninayoitafuta? Nililala alfajiri nikiapa kwamba Linux simshauri hata adui.

Nikaipeleka kwa fundi. Nikamwambia, waifai tu, kingine usiguse. Jioni narudi, nakuta Windows inaning'aria.

"Kaka, ile takataka nimeitoa, hiyo ni ya wadukuzi. Nimekupigia Windows safi. Elfu thelathini."

Safi gani? Ya wizi, na ulinzi wa virusi kauzima ili kijiprogramu chake cha kukwepa leseni kipite. Na folda yangu ya risiti za duka?

"Si ungesema una vitu vya muhimu."

Nikamlipa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, nilimlipa na nikamwambia ahsante.

Mtoto wa dada yangu ndiye aliyecheka. Tuliirudisha Mint, akachomeka simu yangu kwa waya ule ule wa kuchajia, akawasha kushea intaneti kwa USB, Mint ikaipokea bila swali. Akafungua sehemu ya draiva, ya waifai ikajitokeza, akaweka tiki, tukazima na kuwasha. Hata chai haikupoa. Kumbe mtengenezaji wa chipu hiyo hataki draiva yake iwe wazi, ndiyo maana haikuja imewashwa. Na mimi nina langu: Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ningeijaribu waifai humo kwanza. Nani alikuwa na subira?

Mint naipa nyota mbili, maana mtu asiye na mpwa angefanyaje? Lakini kasi yake ile, na haijaniganda hata siku moja... haya, nne. Nikimkumbuka fundi natoa zote tano na ya kwake nampokonya.

Ila nikifunga kifuniko inalala, na kuna siku haiamki mpaka niizime kwa nguvu. Kwa hiyo siifungi. Iko wazi mezani usiku kucha, nimeifunika kanga ya mama kuzuia vumbi, na mama anaidai kanga yake.